Mlango wa Kumkwepa Kupe

Walimwita Nusu tangu enzi za kuuza viatu vya mitumba, na jina likamganda hata alipohamia kwenye kazi ya kukaa kitini. Meza yake ilikuwa mbele ya ukumbi wa gemu. Viatu vilipangwa kwa ukubwa, kamba zimefungwa, soli zimesuguliwa kwa mswaki mpaka mnunuzi anasahau kwamba mguu wa mtu mwingine ulishapita humo. Mteja akitaja bei yake ya chini kabisa, Nusu naye hutaja yake ya juu. Wanavutana kidogo kwa ajili ya heshima, kisha yeye anasema, "Haya, tukutane katikati." Wote wawili huachana wameridhika nusu na wamenuna nusu. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa haki: kila mmoja aumie kidogo, pasiwe na wa kuumia peke yake.

Hakuwa mtu wa kulialia. Mama yao alipofariki, shangazi walianza kuulizana nani atamchukua yupi, kama watu wanaogawana vyombo. Nusu aliinuka akamshika mdogo wake wa kiume mkono, akasema, "Huyu anabaki na mimi. Kapu la vitunguu ndilo mnaloweza kugawana." Ndivyo wakabaki wawili, kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye madirisha yaliyopasuka, wakala kilichopatikana na kucheka walipoweza.

Yule mdogo wake aliingia kwenye ule ukumbi wa gemu kukwepa jua, akatoka humo na jina. Walimwita Jicho. Mkono wake juu ya kipanya cha kompyuta ulikuwa mwepesi kuliko ulimi wa dada yake, na walioujua ulimi wa dada yake walielewa maana ya sifa hiyo. Alipofika umri ambao wenzake wanatafuta kazi, yeye alikuwa anaitwa na timu hii na ile kushika bunduki ndefu kwenye mashindano ya gemu. Akirudi nyumbani anamwaga pochi yake mezani, kisha anauliza kuna nini cha kula.

Nusu naye aliingia kwenye biashara hiyo hiyo kwa mlango wa nyuma. Kampuni moja ndogo ilikuwa ikitengeneza gemu ya kurushiana risasi, timu mbili zinawindana kwenye mji wa magofu. Ofisi yao ilikuwa ghorofani juu ya karakana ya samani, ngazi zinanukia vanishi, na misumeno ya chini ikiwashwa vikombe vinatetemeka mezani. Mwenye kampuni, ambaye wote walimwita Bosi, alihitaji mtu wa kusikiliza malalamiko ya wachezaji. Vijana wawili aliowaajiri kabla walikuwa wamekimbia kwa matusi. Siku moja alisimama kwenye meza ya viatu akamsikia Nusu akimnyamazisha mteja aliyekuja na kiatu kilichobanduka soli, akamuuzia na kiatu kingine juu yake. Wiki iliyofuata Nusu alikuwa ghorofani.

Kutoka kwenye kusikiliza malalamiko hadi kuyatafutia dawa hakukuwa mbali. Baada ya muda akawa ndiye anayepima silaha: ipi imezidi, ipi imepungua, nini kiongezwe, nini kipunguzwe. Shangazi zake walishindwa kabisa kuielewa kazi yenyewe. "Bunduki za uongo," walisema, "mshahara wa kweli. Huyu binti anatapeli watu."

Silaha zilikuwa nyingi, lakini ugomvi ulikuwa wa mbili tu. Moja ni ile bunduki ndefu. Unailenga mwenyewe, kwa mkono wako na jicho lako, na ukikosa huna wa kumlaumu. Nyingine ni kombora linalomfuata mtu. Unamweka adui ndani ya mraba kwenye skrini, unasubiri mraba ugeuke mwekundu, unaachia. Baada ya hapo ukitaka kunywa maji, kunywa. Kombora litakata kona lenyewe na kumwandama mpaka limfikie. Wachezaji waliliita Kupe.

Mpanga programu wa kampuni, bwana aliyevaa koti mwaka mzima kwa sababu ya kiyoyozi na kuitwa Koti kwa hilo, alikuwa na michoro iliyoonyesha kwamba Kupe anaua watu wachache kuliko bunduki. Ilikuwa kweli. Hata hivyo kila malalamiko kumi yaliyoingia, tisa yalikuwa ya Kupe, na Nusu hakushangaa.

"Aliyepigwa bunduki anasema, yule jamaa hatari," alimwambia Koti. "Aliyepigwa na Kupe anasema, hii gemu ya kipuuzi. Wa kwanza anarudi kulipiza. Wa pili anazima kompyuta."

"Basi tumwondoe Kupe."

"Ukimwondoa, mtu mpya atamuua nani? Anaingia leo, anauawa, anaamka, anauawa tena, hata uso wa anayemuua hajauona. Huyo kesho hayupo. Kupe ni wa mikono isiyojua bado. Ila mwenye mkono lazima aachiwe mlango wa kutokea."

Hapo ndipo kazi yake ilipokuwa. Alikuwa anatengeneza milango. Kupe alipewa mlio wa kumtahadharisha anayefuatwa. Mraba wake ulicheleweshwa kuwa mwekundu. Alizuiwa kupita kwenye ukuta. Kila mlango ulifunguliwa kiasi na kufungwa kiasi, na wapenzi wa bunduki na wapenzi wa Kupe wakalalamika kwa sauti zinazolingana. Kwa Nusu, sauti zinazolingana zilikuwa ndiyo muhuri wa kazi nzuri.

Mwaka ule kampuni iliandaa mashindano makubwa. Jicho alikuwa na sababu ya kuyangoja kuliko mtu yeyote. Timu moja kubwa ilikuwa imemwambia wazi: akitoka wa kwanza wanamsajili, asipotoka, kiti anapewa mwingine. Na umri ulikuwa unamtupa mkono. Kwenye biashara ile, mtu anaanza kuitwa mzee kabla hajaoa.

Jumapili moja asubuhi walikuwa nyumbani, kompyuta mbili kwenye meza ya kulia, waya umepitishwa chini ya mlango. Birika lilikuwa bado lina moshi.

"Chukua Kupe," Jicho alisema. "Nipige."

Nusu alimweka kwenye mraba, ukawa mwekundu, akaachia. Alitegemea kumwona mdogo wake anakimbilia ukuta kama wanavyofanya watu wote. Jicho hakukimbia. Aligeuka, akalielekea kombora kwa mbio, na lilipokaribia kumgusa akapiga hatua moja ya pembeni. Kupe alipita begani kwake, akajaribu kurudi, akajipigiza chini.

"Rudia," Nusu alisema.

Alirudia. Kupe akajipigiza chini tena.

"Mbona hageuki?"

"Ana kasi, Dada. Mwenye kasi hawezi kukata kona chumbani. Watu wanamkimbia, ndiyo maana anawapata, wanampa nafasi ya kujipanga. Mimi namwendea kama namsalimia, halafu nampisha mlangoni." Alicheka peke yake. "Nimeiita kumpisha mgeni."

"Nani mwingine anaijua?"

"Mimi na wewe. Hata kocha sijamwambia. Naifanyia mazoezi usiku tu, na wapya wasiojua wanachokiona. Nimeiweka ya mashindano." Kisha akaacha kucheka. "Dada, hii isiende kazini."

"Kunywa chai, inapoa."

Jicho akanywa chai, akalichukua jibu lile kama ndiyo. Mtu aliyelelewa na mfanyabiashara alipaswa kujua kwamba anayekubali husema nimekubali. Lakini yeye alidhani amelelewa na dada tu.

Haikupita hata wiki mbili, Bosi akamwita Nusu kwenye meza ya Koti. Kwenye skrini kulikuwa na mchoro wa wachezaji wote na mara walizopigwa na Kupe. Nukta zilikuwa zimejazana juu kama nzi, isipokuwa moja iliyokaa chini kabisa, peke yake.

"Huyu hapigwi," Bosi alisema. "Majuma yote haya, hapigwi. Unamjua huyu?"

Nusu alimjua.

"Ni mdogo wako. Sasa mimi sipendi kusema neno wizi mbele ya dada wa mtu. Lakini kama ameingiza kitu kwenye mashine yake, mashindano hachezi. Tutamsimamisha, tuchunguze taratibu."

"Haibi."

"Unajuaje?"

Chini, msumeno uliwashwa. Vikombe vikaanza kutetemeka, na wote watatu wakangoja uzime kabla ya kuendelea. Wakati ule wa kungoja ulimtosha Nusu kupiga hesabu zake. Akinyamaza, mdogo wake anasimamishwa, na uchunguzi wa taratibu utaisha kombe likiwa limeshakabidhiwa. Akisema, jina la Jicho linasafishwa, lakini siri imetoka. Mtu mwingine angelia hapo. Nusu alifanya alichokuwa akifanya maisha yake yote: akaitazama siri kama bidhaa, akauliza inauzwa kwa nini.

"Najua anachofanya," alisema. "Nitawaambia. Lakini nina yangu matatu."

"Taja."

"Moja, asafishwe leo, kwa maandishi, kocha wake aone. Pili, shimo analopitia msilizibe mpaka mashindano yaishe."

"Sawa na sawa. La tatu?"

La tatu halikuwa na ulazima. Angeweza kuishia pale, akashuka ngazi akiwa dada kamili. Lakini alikuwa amemwona mteja analegea, na mteja akilegea, muuzaji aliyezoea hawezi kuuzuia ulimi wake, ni kama mtu anayejikuna.

"Mkuu wa upimaji wa silaha bado hamjamweka," alisema. "Na kile chumba cha kona kiko wazi."

Bosi alicheka, akampa mkono. "Wewe ungekuwa mwanasiasa tungekoma."

Basi Nusu akawaeleza kila kitu: kulielekea kombora, hatua ya pembeni, kasi isiyoruhusu kona. Koti aliijaribu pale pale akafanikiwa mara ya tatu, akapiga mluzi wa mshangao. Jicho alisafishwa siku ile ile. Nusu akahamia chumba cha kona. Kilikuwa na dirisha linalotazama mapaa ya mabati, na mlango ambao ukifungwa misumeno inasikika kwa mbali tu.

Kuna kosa moja ambalo enzi za viatu alikuwa akiwacheka wauzaji wapya wanapolifanya. Unatoa mali, mteja anaishika, anaijaribu, anatembea nayo kidogo, halafu ndiyo unamwambia alipe. Ukishafika hapo umekwisha, unabaki kumtegemea utu wake. Kati ya masharti yake matatu, mawili yalitimizwa siku ile. Lile la pili lilikuwa la baadaye, na aliliacha mdomoni mwa Bosi.

Siku mbili kabla ya mashindano, Bosi aliingia kile chumba bila kubisha hodi.

"Tunacheza kwa toleo jipya," alisema. "Shimo limezibwa. Sasa Kupe anakata kona mpaka anamkuta mtu."

"Ulisema baada ya mashindano."

"Nilisema. Sasa wadhamini wanataka kuona Kupe anafanya kazi. Wapya watakuwa wanatazama nyumbani. Nikiwaonyesha mtu mmoja anamchezea Kupe kama mpira, nani atamtumia tena?" Uso wake ulikuwa mkavu kabisa. Hakuwa anafurahi wala hakuwa anaona haya. Nusu aliutambua uso ule. Aliuvaa mwenyewe miaka mingi mbele ya ile meza.

Angeweza kugoma. Angeweza kurudisha chumba. Angeweza kushuka ngazi, kwenda nyumbani, kumwambia mdogo wake, nimekuuza, usiwaendee makombora. Yote yalimpitia kichwani, na yote yalikuwa na gharama ya kumaliza mfuko. Kwa hiyo akasema neno alilolijua kuliko yote.

"Tukutane katikati."

"Katikati wapi?"

"Kuna namba ya zamani ya kukata kona na kuna namba mpya. Weka ya kati. Kupe wako ataonekana anageuka, na mwenye mkono hatafungiwa kabisa."

Bosi alikubali haraka mno. Walipomfuata Koti mezani kwake, yeye ndiye aliyesita, vidole vikiwa juu ya kibodi.

"Ya kati hatujaijaribu," alisema. "Na sidhani kama hili lina kati. Mtu ama anaguswa ama haguswi."

"Kila kitu kina kati," Nusu alimjibu. "Andika."

Akaandika.

Asubuhi ya mashindano Nusu alipiga pasi fulana ya mdogo wake, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu Jicho aache shule. Jicho alikuwa anakula amesimama, miguu haitulii.

"Leo tumia kuta zaidi," Nusu alimwambia akiwa amempa mgongo.

"Kuta?"

"Ndiyo. Kupe akija, jifiche kama wenzako."

"Dada, leo ndiyo unanifundisha kukimbia?" Jicho alicheka, akachukua fulana ikiwa bado ya moto. "Kaa mbele uone. Nitakapompisha mgeni nataka nikutazame."

Hapo palikuwa na nafasi pana ya kusema. Pasi ilikuwa imezimwa, redio ya jirani imenyamaza, hakuna aliyekuwa na haraka kiasi hicho. Nusu alikunja kitambaa cha kupigia pasi, akakikunjua, akakikunja tena. Jicho akaaga akatoka.

Ukumbi wa mashindano ulikuwa wa kukodi, viti vya plastiki, skrini kubwa kama ukuta. Jicho alifika fainali bila jasho, kwa bunduki yake, na katika mechi zote hizo hakuna aliyemrushia Kupe. Wakali waliona aibu kumtumia Kupe. Lakini mpinzani wa fainali hakuwa na aibu hiyo. Alikuwa kijana mnene, mpole, anayetafuna bazoka na kuipuliza puto, na inasemekana katika maisha yake hakuwahi kulenga kitu chochote. Yeye na Kupe, Kupe na yeye. Watu walimzomea alipokaa, naye akawapungia mkono.

Zilikuwa raundi tatu. Ya kwanza, kijana alimshika Jicho kwenye mraba kutoka upande wa pili wa mji, akaachia. Mlio ukalia. Jicho akageuka, akalielekea kombora, akapiga hatua yake. Kupe akapita, akakunja kidogo, akajipigiza kwenye kifusi. Ukumbi mzima ulisimama. Hawakuwa wamewahi kuona kitu kama kile. Jicho alimmaliza kijana kwa risasi moja, akainua uso kutafuta kiti cha dada yake, akamwona, akamkonyeza.

Nusu alipumua. Katikati ilikuwa inafanya kazi. Bosi alipata Kupe anayekunja, mdogo wake alipata mlango. Raundi ya pili Jicho alimpisha mgeni tena, kwa maringo sasa, mpaka watu wakaanza kuhesabu hatua zake kwa makofi, ingawa raundi yenyewe kijana aliichukua kwa kumvizia na kombora la pili mgongoni. Wakatoshana, moja kwa moja. Iliyobaki ndiyo ya kombe.

Alichokuwa hajakijua Nusu, na ambacho siku moja tu ya majaribio ingemwonyesha, ni hiki. Kombora lililotoka mbali limeshachanganya kasi, kwa hiyo hata kwa ile namba ya kati lilishindwa kukata kona fupi. Lililotoka karibu lilikuwa bado halijachanganya, na kona hiyo hiyo lingeikata bila shida. Kati aliyoitengeneza haikuwa mlango ulio wazi nusu. Ulikuwa mlango unaofunguka ukiwa mbali nao, na ukiukaribia unajifunga.

Raundi ya tatu kijana alitokea nyuma ya kisima, hatua chache tu kutoka kwa Jicho. Mraba, mwekundu, akaachia, akashusha mkono kuchukua chupa yake ya maji. Jicho alikuwa na ukuta kulia kwake, ukuta mzuri, wa mawe. Hakuutazama. Alikuwa ameshampisha mgeni mara mbili mbele ya macho ya watu wote. Alilielekea kombora, akapiga hatua ya pembeni, safi kuliko zote za siku ile.

Kupe akageuka naye.

Kijana alikuwa bado anakunywa maji watu walipoanza kupiga kelele. Alitazama skrini, akashangaa, akauliza jirani yake, "Nimeshinda?"

Waliondoka kwa miguu, dada na mdogo wake, barabara ya kurudi nyumbani ikiwa na jua la alasiri. Kocha alikuwa ameshampa Jicho mkono, mkono ule laini wa kuagana. Walitembea mpaka walipozipita karakana, ndipo Jicho akasema.

"Amegeuka."

Nusu aliongeza hatua.

"Mbali hageuki, karibu anageuka. Nimekaa na Kupe mwaka mzima, hakuwa na tabia hiyo. Mtu amemfundisha." Alikuwa anaongea taratibu, kama anayesoma maandishi ya mbali. "Na anayejua pa kumshika ni mtu mmoja."

"Walitaka kukusimamisha. Walisema unaiba. Ilibidi niseme."

"Sawa. Ulisema, nikasafishwa. Halafu?"

"Walikubali wangoje mpaka mashindano yaishe. Wakageuka. Nikapigania mpaka wakakubali nusu."

"Nusu," Jicho alisema. Alisimama. "Ungeifunga yote, Dada, ningejua raundi ya kwanza. Ningepigwa mara moja, nikaacha, nikarudi kwenye ukuta wangu, nikamaliza kwa bunduki. Wewe umeniachia nimpishe mara mbili ili niamini."

"Nilitaka upate nafasi."

"Na wewe ulipata nini?"

Nusu angeweza kusema hakuna. Lakini alikuwa na kiburi chake kimoja tangu meza ya viatu: bei aliyouzia hakuwahi kuificha.

"Chumba."

"Kile cha kona?"

"Ndiyo."

"Chenye mlango."

"Ndiyo."

Jicho alicheka, kicheko kifupi cha puani, akaanza kutembea tena. Nyumbani alikula kama kawaida, akaosha sahani yake. Katika wiki ile akahama, kompyuta akaiacha juu ya meza ya kulia. Shangazi waliulizana kumetokea nini kati ya wale wawili. Nusu akawaambia mtu mzima anahitaji kwake.

Ghorofani, malalamiko yaliingia kwa magunia. Wakali walisema Kupe haeleweki, leo anageuka kesho hageuki. Wapya nao walisema hivyo hivyo. Sauti zililingana kwa namna ambayo Nusu hakuwahi kuiona, na safari hii hakuona muhuri wowote ndani yake. Haukupita mwezi, Bosi akaamuru namba irudishwe ile ya zamani, kama ilivyokuwa asubuhi ya ile chai. Tena akaona bora awahi faida yake: kumpisha mgeni kukawekwa kwenye somo la kwanza la kila mchezaji mpya. Ilihitajika sauti ya mtu mzima, tulivu, inayoaminika. Walimrekodi Nusu. Hata leo anayeanza gemu ile anasikia mwanamke akimwambia, "Usimkimbie. Msogelee kama unamsalimia, kisha mpishe." Jina la aliyeigundua halimo. Nusu aliliomba liwekwe. Bosi akasema litawachanganya wapya, na Nusu hakuwa na kitu cha kubadilishana nalo.

Jicho alipata kazi kwenye duka la vioo, la kukata vioo vya madirisha. Wanasema mkono wake ukawa gumzo: anapitisha kikatio mara moja tu, anagonga kidogo, kioo kinaachana kama mkate. Kompyuta hakushika tena.

Nusu alikaa muda mrefu bila kwenda. Siku alipokwenda, alijifanya mteja, kwa sababu hakujua kuingia dukani kwa namna nyingine. Vioo vilikuwa vimesimamishwa ukutani, na kila alipopiga hatua alijiona vipande vipande. Jicho alikuwa nyuma ya meza ndefu iliyotandikwa zulia, miwani ya kazi machoni.

"Karibu," alisema, kama anavyokaribishwa mtu yeyote.

"Nataka kioo cha dirisha."

"Taja kipimo."

Nusu alitaja urefu na upana uliomjia mdomoni. Jicho aliandika kwa chaki juu ya zulia, kisha akatulia, chaki ikiwa bado mkononi.

"Ile nyumba madirisha yote niliyapima mimi," alisema. "Hakuna lenye kipimo hiki."

"Kata tu."

Alimtazama kidogo, kisha akavuta kioo kikubwa, akaweka rula, akapitisha kikatio. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama mtu anayechana karatasi. Akagonga, kikaachana, akasugua kingo kwa jiwe, akakifunga kwa gazeti. Akataja bei.

Ulimi wa Nusu ulikuwa umeshafunguka. Neno lile la katikati lilikuwa limefika kwenye meno. Jicho aliliona linakuja, akasubiri, mikono yote miwili juu ya zulia. Nusu akafunga mdomo, akatoa noti, akalipa bei nzima kwa mara ya kwanza tangu aijue sarafu.

"Kishike kwa wima," Jicho alimwambia akimkabidhi. "Kikilala kinavunjika." Kisha akatazama nyuma ya bega la dada yake. "Mwingine."

Kile kioo kiko mpaka leo nyuma ya mlango wa chumba cha kona, ndani ya gazeti lake. Misumeno ya chini ikiwashwa kinatetemeka, na Nusu huweka mkono juu yake mpaka izime.